Kupita kipimo: nani ana haki ya kukimbia mu barabara zetu?

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana na wamotari wa Kasulo, Kolwezi

Ba yaya wa moto, tunawashukuru kwa namna ya pekee: saa hii ya jioni ndiyo saa ya wateja, na ninyi mumezima moto zenu ili mutusikilize. Hatutawachelewesha bure.

Siku hizi mjadala katika kundi letu la WhatsApp ni mmoja tu. Mwenzetu aliandika kwamba kibao cha mwendo kiliwekwa kwa watu wenye ambulansi, na kwamba mu Kasulo motari asiyekimbia ndiye muuaji, kwa sababu mgonjwa atamfia mgongoni. Mwingine akajibu kwamba yeyote anayepita kipimo ni muuaji, awe amebeba mgonjwa, awe amebeba gunia la mihogo. Ujumbe ukaja juu ya ujumbe, matusi yakaingia, watu wawili wakatoka kundini. Ndipo tukaombwa kutoa neno la vuguvugu: je, kuna siku ambapo kupita sana kipimo cha mwendo ni kazi ya mtu mwenye kuwawazia wenzake?

Jibu letu ni ndiyo, siku hiyo iko. Lakini ni siku nyembamba sana, na wale wanaokimbia zaidi mu mji huu hawamo ndani yake.

Tuanze na barabara yenyewe, maana mtu anaweza kuongea juu ya mwendo kama vile barabara zote za dunia ni moja. Ninyi munajua munachokanyaga. Tangu mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya lupango, Kasulo ilichimbwa ndani ya nyumba, nyuma ya nyumba, hata chini ya kitanda. Mwaka 2017 sehemu ya kartye ikazungushiwa ukuta na watu wakahamishwa. Mashimo hayakuhamishwa. Na shimo la mchimbaji halijui mpaka wa lupango wala mpaka wa avenyu: linafuata mawe. Kwa hiyo moto inayopita hapa na mwendo wa 70 mara nyingine inapita juu ya ardhi iliyo tupu ndani. Asubuhi njia iko sawa, mvua inapiga, jioni kuna bonde.

Halafu watoto. Watu wanawalaumu wazazi wa Kasulo, eti wanaachaka watoto wacheze barabarani. Lakini mahali pa kucheza mu lupango palikuwa shimo, mtoto acheze wapi? Barabara ndiyo kiwanja kilichobaki. Ongeza mama wanaouza makala na nyanya pembeni kabisa ya njia, ongeza vumbi la wakati wa jua, ile inayofanya taa ya moto ionekane kama kiberiti. Hiyo ndiyo barabara tunayoongelea. Mtu aliyeona barabara kubwa za Ulaya kwenye simu asituletee hesabu ya kule.

Hesabu ya hapa iko hivi. Sisi wenye lisansi tusio na kazi, diploma zetu zimelala mu sanduku, basi angalau tuitumie hii fizikia tuliyoisomea. Moto inayokwenda 40 kwa saa inakata metre 11 kila sekunde. Mtu akiona hatari, sekunde moja hivi inapita mbele mkono haujakamata freni. Kisha freni inashika, kwenye lami kavu, na moto inasimama baada ya metre karibu 20 kwa jumla. Sasa weka 80. Sekunde ile moja ya kushtuka inakula metre 22. Freni nayo haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne, kwa sababu nguvu ya kitu kinachokwenda inapanda kwa mwendo mara mwendo. Jumla ni karibu metre 60, na hiyo ni lami. Kwenye udongo mwekundu wenye changarawe, hesabu wenyewe.

Maana yake ni nini? Mtoto akitoka nyuma ya meza ya makala metre 20 mbele yako, mwenye 40 anasimama karibu na magoti yake. Mwenye 80 anamgonga na mwendo wote wa 80, maana kidole bado hakijagusa freni. Watu wanafikiri tofauti ya 40 na 80 ni kwamba huyu anagonga kidogo na yule anagonga sana. Hapana. Huyu hagongi.

OMS, shirika la afya la dunia, inahesabu watu milioni 1,19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kingine kinachowaua kupita hicho. Ni sisi hao, na wadogo zetu. Wanasema tena kwamba mtu wa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa 65 badala ya 50, hatari ya kufa inapanda mara 4 na nusu. Tofauti ni 15 tu, ile ambayo dereva hata haisikii mu mguu wake.

Sasa tufike ku jambo linalouma, ndilo lililoleta ugomvi kundini.

Mchimbaji ametolewa shimoni, kifua kimebanwa. Au mama amepata uchungu usiku, damu inatoka. Ambulansi haipo. Kuna motari mmoja pa kona. Wanamweka mgonjwa katikati, mtu mmoja anakaa nyuma kumshikilia, tatu juu ya moto moja, na motari anaambiwa: «Yaya, enda! Enda!» Afanye nini huyu motari? Afuate kibao?

Hakuna mtu katika vuguvugu hili atakayesimama mbele ya huyo motari na kumfundisha sheria. Anabeba mzigo ambao ungebebwa na serikali, na wengi wenu hapa mumeubeba, wengine bila kulipwa hata mafuta. Tunajua. Lakini kwa kuwa tunawapenda, tuhesabu pamoja, kwa sababu ile mbio inanunua kitu kidogo kuliko tunavyofikiri.

Chukua njia ya kilomita 5 hadi hospitali. Kwa 40, ni dakika 7 na nusu. Kwa 80, kama ungeweza kushika 80 bila kusimama hata mara moja, kitu ambacho mu Kasulo hakiwezekani, ni dakika 3 na sekunde 45. Umeokoa dakika karibu 4. Kwa kweli utaokoa mbili, labda moja na nusu.

Dakika 2 zinaweza kuwa maisha ya mtu? Ndiyo, zinaweza. Mwenye damu inayoruka kama bomba, dakika 2 ni nyingi. Ndiyo maana hatusemi kamwe. Lakini tazama dakika zingine za mgonjwa huyohuyo. Kwanza ile saa iliyopita chini shimoni, mbele ya wenzake kumfikia na kamba. Kisha wakati wa kubishana tumpeleke wapi. Kisha kutafuta motari anayekubali kubeba mtu mwenye damu. Kisha mlangoni: nani ameleta, nani atalipa, iko wapi pesa ya kuanzia matibabu. Tumekaa na wagonjwa wetu kwenye benchi za mlangoni, tukipiga simu kwa shangazi, kwa mwenye depo, kwa mchungaji, ili zipatikane faranka za kufungua faili. Motari aliokoa dakika 2 kwa kuhatarisha kartye nzima, na mlango ukala dakika 60 bila mtu kupumua haraka.

Basi swali la mwendo linabadilika hapo. Kama tunataka mgonjwa afike mapema, barabara ndiyo mahali pa mwisho pa kutafuta dakika. Ni mahali ambapo dakika ni chache na bei yake ni mtoto wa mtu mwingine. Tena mwili wenyewe: mtu aliyebanwa na udongo, uti wa mgongo umeumia, ukimrusha juu ya mashimo na mwendo wa 70, unaweza kumfikisha haraka akiwa hatatembea tena. Mara nyingi aliyelazwa juu ya mlango wa mbao na kupelekwa pole kwa gari la jirani amepata msaada kupita aliyebebwa mbio juu ya moto.

Kuna nchi ambazo sheria inasamehe kabisa kipimo cha mwendo kwa watu fulani. Kenya inasamehe gari la wagonjwa, la zimamoto na la polisi, wakati kufuata kipimo kungewazuia kufanya kazi ile iliyowatoa. Uingereza vilevile, katika sheria yao ya 1984. Wengine wetu walipoisoma walifurahi: munaona, hata wazungu wanakubali! Ndiyo, lakini soma mpaka mwisho. Kinachosamehewa ni namba ya kibaoni. Uangalifu hausamehewi. Dereva wa ambulansi akigonga mtu kwa uzembe, anasimama mbele ya hakimu sawa na wewe. Na ambulansi ina vitu ambavyo moto haina: sauti inayosikika kutoka mbali, taa inayozunguka, rangi ambayo mtoto wa miaka 4 anaijua. Ambulansi inawapa watu nafasi ya kutoka njiani. Moto yenye mgonjwa haina sauti yoyote ya kuitofautisha na moto inayowahi mechi.

Kwa hiyo hivi ndivyo tunavyosema, ba yaya, na mtusahihishe kama tumekosea barabara: mtu anakufa kweli kweli, njia mbele unaiona wazi, na mwendo wako bado unakuruhusu kusimama ndani ya ile sehemu unayoiona. Hapo pita kipimo, na sisi tutakutetea. Ku avenyu pana saa nane ya usiku, hiyo inaweza kuwa 60 au 70. Mbele ya soko saa kumi ya jioni, mgonjwa awe mama yako mzazi, huwezi kuvunja watoto watatu ili umfikishe. Weka mtu mbele na moto nyingine apige honi na kupaza sauti, afungue njia. Moto mbili zinazokwenda 40 bila kusimama zinafika mbele ya moto moja inayokwenda 80 na kukwama kila kona.

Tunajua pia wandugu zetu wa Kivu wangekuwa na neno. Kule, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru na Kiwanja, watu wametekwa nyara mara nyingi mno, na mu mwaka 2021, tarehe 22 Februari, balozi wa Italia aliuawa karibu na Kibumba, kwenye barabara hiyohiyo. Dereva wa basi ndogo anayekanyaga moto sehemu kama ile ili abiria wasikamatwe, sisi hatuna mdomo wa kumhukumu. Hatari iliyo nyuma yake ni kubwa kuliko ile iliyo mbele. Ni haki yake.

Lakini hapa kwetu, kutoka Kolwezi kupita Musompo hadi Fungurume, nani anatufukuza na bunduki?

Hebu tuseme sasa juu ya barabara hiyo kubwa, maana ndiyo inatupunguza zaidi. Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kilomita kama 300. Kwa 80 ni saa 3 na dakika 45. Kwa 110 ni saa 2 na dakika 44. Hapo hatuwezi kudanganya kama mu kartye: saa nzima inaokolewa, kwenye karatasi. Kwenye karatasi, kwa sababu kuna peaje, kuna mstari wa kamiyo, kuna Likasi ya kupita katikati. Mwenye 110 na mwenye 80 wanakutana wote nyuma ya kamiyo moja yenye mzigo wa shaba, inayopanda mlima kama bibi mwenye gunia.

Na hapo ndipo linatoka lile neno la madereva, tena si neno la kijinga: «Ukipita kamiyo, pita haraka, usikae upande wa wengine.» Tulikaa tukalipima. Kamiyo inakwenda 60. Unahitaji kuipita pamoja na nafasi ya mbele na ya nyuma, tuseme metre 60. Ukiwa na 80, utatumia karibu sekunde 11, na ukihesabu gari linalokuja mbele nalo likiwa na 80, unahitaji njia tupu ya karibu metre 480. Ukikanyaga 100, unatumia sekunde 5 na nusu, na metre 270 zinatosha. Kwa hiyo dereva ana haki? Hesabu yake ni nzuri, ndiyo. Anakaa upande wa hatari nusu ya muda.

Lakini ona vitu viwili. Kwanza, asiyeweza kuona metre 480 hana lazima ya kupita. Kubaki nyuma ya kamiyo hakujawahi kuua mtu. Anayesema «nililazimika kukimbia ili nipite salama» alijilazimisha mwenyewe dakika moja mbele. Pili, wengi wetu tunaendesha gari zilizotoka upande wa Zambia na Dar es Salaam, usukani ku kuume, na sisi tunapita ku kuume. Dereva wa gari hilo akiwa nyuma ya kamiyo haoni kitu. Anayeona ni abiria wa mbele, aliyekaa kushoto. Munajua jinsi inavyokuwaka: «Mama, njia iko?» «Iko, enda!» Mama wa watu, ametoka kununua vitenge, hana permi, hajui mwendo wa gari linalokuja, ndiye anayetoa amri ya kifo au uzima wa watu saba. Kukimbia 110 kwa macho ya mtu mwingine, hakuna namna ya kuliita jambo hilo uangalifu.

Kisha mzigo. Tarehe 20 Februari 2019, ku kijiji cha Kabwe, kwenye barabara hii, kamiyo iliyobeba asidi ya sulfuri iligongana na magari mengine, likiwemo basi lenye abiria. Watu wasiopungua 18 walikufa, wengine asidi iliwala wakiwa wazima. Wazee watakumbuka pia Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta likapinduka, likashika moto, na zaidi ya watu 200 wakaisha. Kuna vitu ambavyo gari likiwa navyo, neno «ajali ndogo» halipo tena. Asidi haina ajali ndogo. Basi, kama dereva wa gari dogo anaweza kutuomba tumhurumie kwa 10 zaidi ya kipimo, mwenye kamiyo ya asidi haombi huruma. Yeye hata kipimo chenyewe ni kikubwa kwake anapopita kijijini.

Lakini tusimwangushie dereva peke yake, hiyo nayo ni kazi ya wavivu. Dereva wa kamiyo hakimbii kwa kupenda upepo. Anakimbia kwa sababu analipwa kwa safari, si kwa siku. Anakimbia kuwahi mstari wa Kasumbalesa, ambako anaweza kulala siku kadhaa akipika bukari chini ya tela lake. Motari anakimbia kwa sababu jioni mwenye moto anataka pesa yake, iwe mvua, iwe jua, na kinachobaki ndicho cha kula. Tuliosoma pamoja chuo kikuu, tukavaa joho siku ile na wazazi wakalia kwa furaha, leo ndio wenye moto za watu. Mmoja ana lisansi ya uchumi na anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kursi 20 kwa siku ni deni na kursi 30 ni chakula. Mwendo wake umeandikwa mu daftari ya bosi. Nani basi anayepita kipimo? Mguu ni wa huyu, lakini haraka ni ya yule.

Kenya walijaribu kushika hilo. Mwaka 2004 waziri John Michuki aliweka kanuni: kila matatu iwe na kifaa cha kuzuia mwendo kisipite 80, mikanda kwa abiria wote, madereva wajulikane. Magari yakasimama kwanza kwa mgomo, watu wakatembea kwa miguu, kisha yakarudi yakiwa na vifaa. Baadaye wajanja wakajifunza kuvifungua, hiyo ni kweli. Lakini walau kanuni ile iligonga mlango wa mwenye gari, haikubaki ku dirisha la dereva.

Sasa, msafara wa wakubwa. Tungependa kupita haraka hapa lakini tutakaa kidogo.

Siku fulani jip za vioo vyeusi zinapita mu mji, mbele kuna piki-up ya askari, siren inalia, mikono inapungwa: tokeni, tokeni! Mama anakusanya nyanya zake mbio. Wanakwenda wapi? Mara nyingi wanakwenda ku mkutano, au wanawahi ndege, au kuna utepe wa kukata. Hakuna anayekufa ndani ya jip zile. Na siren ile ni ileile ambayo ingelilia mgonjwa wa Kasulo. Kila inapolia kwa ajili ya utepe, inafundisha watu kutoiamini. Siku ambulansi ya kweli itakapopita, watu watasema: haa, ni mukubwa tu, na watasogea polepole. Kama kuna mwendo tunaoukataa bila «lakini» yoyote, ni huo. Sheria ya barabara ya nchi hii, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliandikwa kwa kila anayeendesha; kuchelewa kwa mkubwa hakumgeuzi kuwa mgonjwa.

Mtasema: sawa, vijana, mumeongea vizuri, tufanye nini?

Pesa iko. Hili muliseme hata nyumbani. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kwamba katika ile redevansi ambayo kampuni zinalipa juu ya madini, asilimia 15 inakwenda moja kwa moja kwa komini, sekta au chefferie ambamo mgodi umo. Asilimia 25 ni ya jimbo. Kobalti, tangu iitwe madini ya maana ya pekee, inalipiwa asilimia 10. Zaidi ya hapo kampuni inatoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Komini si ombaomba tena kwa habari hii. Ambulansi moja inayolala Kasulo, na dereva na mafuta na namba ya simu inayoitikiwa usiku, ingeondoa sababu ile moja nzuri inayofanya motari wetu wakimbie. Dodani nne mbele ya shule na soko zinagharimu saruji, mchanga, na siku mbili za kazi. Na barua mlangoni mwa kila hospitali: aliyetolewa shimoni anatibiwa kwanza, pesa inaongelewa baadaye. Hayo matatu ndiyo tunayoyapeleka kwa burgumestre, kwa maandishi, na nakala kwa gavana.

Kwa ninyi wamotari, tuna ombi, si amri. Kila parking ichague watu wawili wajifunze namna ya kuzuia damu na namna ya kumbeba mtu aliyeumia mgongo. Kati yetu kuna waliosomea uuguzi na wako nyumbani, watafundisha bure. Na iwekwe bei moja ya kubeba mgonjwa, ijulikane, ili pasiwe na kubishana pa kona.

Kwa abiria, neno moja tu la kuchekesha lakini la kweli: wewe unayelia ku Facebook kwamba motari wanaua watu, ndiwe uliyesema asubuhi «Ongeza, papa, nimechelewa, nitakupa mia tano juu». Ulinunua ile mbio. Risiti ni yako.

Na ili burgumestre asituambie kwamba tunaongea na hisia, Jumamosi tutahesabu. Tutapima metre 100 kwenye avenyu kubwa, tuweke alama mbili za chokaa, na watu wawili wawili wakae na simu. Gari au moto inayopita alama hizo kwa sekunde 9 iko ku 40. Sekunde 6 ni 60. Sekunde 4 na nusu ni 80. Hatuandiki namba ya plake wala jina la mtu. Tunaandika saa, aina ya chombo, sekunde, na kama kulikuwa na mgonjwa. Tunataka kujua, kati ya wote watakaopita kwa sekunde chini ya 6, wangapi walikuwa wamebeba mtu anayekufa.

Tunaanza saa moja ya asubuhi mpaka saa kumi na mbili ya jioni, kwa zamu ya saa mbili mbili. Bado tunahitaji watu 8 wa zamu ya mchana. Aje na kofia ya jua, maji, na simu yenye chaji.